Jinsi ya kuchagua kadi ya grafiki ambayo haitakusumbua na draiva kwenye Linux

Wengi tukitaka kununua kadi ya grafiki tunaanza na nguvu, ina GB ngapi, gemu fulani inatoa fremu ngapi kwa sekunde, na kama upo Windows hayo maswali yanatosha kabisa manake kule kila kadi inakuja na draiva yake (programu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi). Ukihamia Linux swali la kwanza linakuwa lingine: draiva ya hii kadi inakaa wapi? Ipo ndani ya kerneli yenyewe (moyo wa Linux, ndo unaoongea na vifaa vya kompyuta) au inatoka nje, kwa mtengenezaji? Halafu la pili ambalo watu wanalisahau kabisa, hii kadi ni mdogo au mkubwa kiumri kuliko kerneli niliyonayo?

Mi niliwahi kukaa siku tatu na kompyuta nimeiunga mwenyewe, kila kitu kipya, feni zinazunguka vizuri, skrini nyeusi tii. Nikabadilisha kebo, nikaazima monita nyingine, nikachomoa kadi nikairudisha kwenye sloti mara sijui ngapi. Kumbe kadi nzima kabisa, ila ilikuwa imetoka juzi tu na kerneli yangu ilikuwa ya mwaka uliopita, haijawahi hata kuisikia. Siku tatu zimeenda kwa kitu ambacho ningekiangalia dakika tano kabla ya kununua, ndo maana leo naandika kwa urefu.

Hatua ya 1: Jiulize unainunua ya nini

Kama kazi zako ni kuvinjari, kuandika, kuangalia vidio na kucheza vigemu vyepesi, grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya Intel au AMD inatosha na draiva yake ipo tayari ndani ya Linux, usinunue kitu. Nasema kweli, watu wengi wananunua kadi hawaihitaji halafu wanajiongezea kazi ya draiva bure.

Kama ni gemu, AMD ndo njia rahisi. Kama ni kufundisha modeli za AI au programu yoyote iliyoandikwa kwa CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi), basi utaishia NVIDIA tu, CUDA inafanya kazi kwenye karibu kadi zao zote wakati ROCm, mfumo kama huo wa AMD, ina orodha rasmi fupi ya kadi inazozikubali, na kadi ambayo haipo kwenye orodha inaweza ikakubali kwa kulazimishwa, ila ikigoma huna wa kumlalamikia. Kama unarekodi na kubana vidio kwa AV1 (mojawapo ya njia za kubana vidio), angalia Intel Arc, RX 7000 ya AMD kwenda juu au RTX 40 ya NVIDIA kwenda juu, hizo zote zina uwezo huo ndani ya chipu. Amua hili kwanza kabla hujaangalia modeli yoyote.

Hatua ya 2: Andika ulichonacho sasa hivi

Fungua terminali, piga hizi:

uname -r
lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D"
glxinfo -B

Ya kwanza inakupa toleo la kerneli, ya pili inakuonyesha kadi iliyopo na draiva inayotumika, ya tatu inakuonyesha toleo la Mesa (kama hiyo amri haipo, instoli kifurushi chake, kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa mesa-utils). Andika hizo namba pembeni, utazihitaji muda wote.

Sasa kwa nini namba mbili na sio moja? Kwa sababu draiva ya grafiki kwenye Linux ni mafiga matatu. Figa la kwanza ni draiva iliyomo kwenye kerneli, hii ndo inaongea na chipu yenyewe, inawasha skrini, inagawa memori. La pili ni fimuwea, mafaili madogo ambayo chipu inapakiwa kila ukiwasha mashine, yanakuja kwenye kifurushi cha linux-firmware au jina linalofanana na hilo. La tatu ni Mesa, ambayo inatafsiri OpenGL na Vulkan (lugha ambazo gemu na programu zinatumia kuiagiza kadi) ili gemu na programu ziweze kuchora. Likikosekana moja chungu hakikai: kerneli mpya na fimuwea ya zamani unapata skrini nyeusi, kerneli mpya na Mesa ya zamani unapata picha lakini inatambaa kama konokono kwa sababu prosesa ndo inachora.

Disitro yako (aina ya Linux uliyoinstoli, kama Debian au Ubuntu) ndo inaamua una matoleo gani. Debian 12 ilitoka 2023 na kerneli 6.1 na Mesa 22.3, Debian 13 ya 2025 ina kerneli 6.12 na Mesa 25.0. Ubuntu 24.04 ilianza na kerneli 6.8 halafu ikawa inapokea mpya zaidi kadiri muda unavyokwenda. Fedora na Arch zinakimbia na toleo jipya karibu muda wote. Kwa hiyo kadi moja inaweza kuwa nzuri sana kwa mwenye Fedora na ikawa balaa kwa mwenye Debian 12, kadi ni ileile.

Hatua ya 3: Chagua upande

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Tuanze na AMD. Hawa walinunua ATI mwaka 2006, na 2007 wakaanza kutoa nyaraka za chipu zao ili watu wa nje waweze kuandika draiva huria, yaani ambayo kodi yake iko wazi kwa kila mtu. Draiva yao ya sasa inaitwa amdgpu, iliingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015 na mpaka leo ndo inayoendesha kadi zao zote mpya. Upande wa Vulkan kuna RADV ambayo ilianzishwa 2016 na watu wasio wa AMD, ikaja kusaidiwa sana na Valve, kampuni yenye Steam, kwa sababu Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi, inatumia chipu ya AMD, na ikawa nzuri kiasi kwamba 2025 AMD wenyewe waliachana na draiva yao huria ya AMDVLK wakasema nguvu zote zinaenda RADV. Mi hiyo habari ilinifurahisha sana, manake ina maana ukinunua kadi ya AMD draiva unayoipata bure kwenye disitro ndo ileile mtengenezaji anayoiamini.

Kosa ambalo wanaotoka Windows wanalifanya ni kukimbilia tovuti ya AMD kudaunlodi draiva. Usifanye hivyo! Ile ya kule ni kwa ajili ya kazi maalumu, kwa matumizi ya kawaida na gemu huhitaji kuinstoli chochote, unachomeka kadi unawasha mashine basi.

Namba za kukumbuka kwa AMD: RX 570 na RX 580 ni za zamani ila bado zinakubali vizuri, RX 6000 inakubali karibu kwenye disitro yoyote inayoheshimika, RX 7000 nenda nayo ukiwa na kerneli 6.1 kwenda juu, na RX 9070 na wenzake waliotoka 2025 wanataka kerneli 6.12 au zaidi pamoja na Mesa 25.0 au zaidi, na hapo kadiri ilivyo mpya ndivyo bora. Ukiniambia nichague moja ya kumpa mtu anayeanza Linux ningesema RX 6600, haina makuu, haili umeme mwingi, na draiva yake imeshakomaa.

Ila sio kila AMD ni salama. RX 6500 XT na RX 6400 zinaonekana kama bei ya chee lakini zina njia nne tu za PCIe (muunganisho wa kadi na mazabodi), ukiziweka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinapungua nguvu, na hazina kabisa sehemu ya kubana vidio, yaani ukitaka kurekodi skrini prosesa ndo itafanya kazi yote. Hakuna draiva itakayoziponya hizo, zimezaliwa hivyo.

Kitu kingine, HDMI. Mwaka 2024 wenye kiwango cha HDMI walikataa AMD wasiweke uwezo wa HDMI 2.1, ule unaopitisha 4K kwa 120Hz, kwenye draiva huria. Kama una skrini ya 4K unataka 120Hz, panga kutumia DisplayPort tangu mwanzo, na kama skrini yako ni televisheni yenye HDMI tu basi jambo hili lipime kabla hujatoa hela.

Intel Arc nao wapo, na watu wanawasahau. Draiva iko ndani ya kerneli kama AMD. Arc za kwanza kama A380, A750 na A770 zilitoka 2022 na zinataka kerneli 6.2 kwenda juu ndo zinakubali bila kulazimisha, na B580 iliyotoka Desemba 2024 inataka 6.12 kwenda juu na Mesa mpya. Sharti lao moja kubwa ni kwamba mazabodi iwe na Resizable BAR (inamruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) na uiwashe kwenye BIOS, bila hiyo kadi inapoteza nguvu nyingi sana. Kama mashine yako ni ya zamani haina hiyo kitu, Arc iache, hata kama bei inavutia. Kama unayo, kwa kazi za vidio ni kadi safi sana.

Haya, NVIDIA. Hapa kuna historia na ukiielewa utajua kwa nini watu wanagombana. Kwa miaka mingi draiva yao ilikuwa imefungwa, huoni kodi, na watu wa kujitolea wakatengeneza draiva huria inayoitwa nouveau kwa kuchunguza tu jinsi kadi inavyofanya kazi. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Ufini aliwatukana NVIDIA hadharani mbele ya kamera, alikuwa amechoka. Ikaja kuwa mbaya zaidi kuanzia kadi kama GTX 970 na 980 za 2014, ambazo zinakataa fimuwea yoyote isiyo na sahihi ya NVIDIA, matokeo yake nouveau haiwezi kupandisha spidi ya chipu na kadi inabaki kwenye mwendo wa kuanzia tu. Mpaka leo mtu mwenye GTX 900 au GTX 1000 anayetumia nouveau anaendesha gari lililokwama gia ya kwanza.

Mambo yalianza kubadilika Mei 2022, walipofungua kodi ya moduli za kerneli (sehemu ya draiva inayoingia ndani ya kerneli) kwa kadi za familia ya Turing, kizazi cha GTX 1650 na RTX 20, kwenda juu. Leo RTX 50 haikubali kabisa zile moduli za zamani zilizofungwa, lazima hizi za wazi. Angalia vizuri hapa: sehemu ya kerneli ndo imefunguliwa, sehemu ya kuchora bado imefungwa na bado unaiinstoli kutoka nje ya kerneli. Upande wa Mesa sasa hivi kuna NVK, inaleta Vulkan huria kwa kadi za Turing kwenda juu, na kuanzia kerneli 6.7 nouveau inaweza kupandisha spidi ya hizo kadi. Inakua vizuri na naifuatilia kwa hamu, lakini kwa gemu nzito bado draiva ya NVIDIA yenyewe inaishinda.

Kwa hiyo ukichagua NVIDIA mstari wako ni Turing. GTX 1650, GTX 1660, RTX 20 kwenda juu, hizo zipo upande salama (ndio, GTX 1650 na 1660 ni Turing japo jina linaanza na GTX). Chini ya hapo ni hivi: GTX 900 na GTX 1000 draiva yao ya mwisho ni toleo 580, matoleo ya 590 kwenda juu yamezitupa. GTX 600 na nyingi za GTX 700 ziliishia 470, nayo ilifungwa 2024. Mtu akikuuzia GTX 1060 leo itafanya kazi, ila jua kwamba umenunua kadi ambayo njia yake inaelekea mwisho na siku moja kerneli mpya itaikataa hiyo draiva.

Namna ya kuinstoli: tumia kifurushi cha disitro yako, sio lile faili la .run la kwenye tovuti yao, hilo likiingia kila ukiapdeti kerneli unaanza upya kuhangaika. Ubuntu unapiga sudo ubuntu-drivers install, Fedora unawasha RPM Fusion (ghala la vifurushi vya ziada) halafu unainstoli akmod-nvidia, Arch kuna nvidia-open. Kama Secure Boot (ulinzi wa kuwasha mashine unaokataa vitu visivyo na sahihi) imewashwa utaulizwa utengeneze nenosiri, mashine ikijiwasha upya itatokea skrini ya bluu ya kusajili ufunguo, USIIRUKE, ukiipita moduli haitapakiwa na utafikiri draiva mbovu. Na kama unatumia Wayland (mfumo unaochora madirisha ya desktopu) hakikisha draiva ni 555 au zaidi, chini ya hapo dirisha zinametameta hadi macho yanauma.

Hatua ya 4: Pima umri wa kadi na umri wa disitro

Tafuta kadi ilitoka mwaka na mwezi gani, linganisha na kerneli uliyoiandika hatua ya 2. Kadi za AMD na Intel nakushauri ziwe zimetoka angalau nusu mwaka kabla ya toleo la disitro yako, hapo fimuwea na Mesa zinakuwa zimeshaingia na makosa ya mwanzo yameshasafishwa. Unataka kadi mpya kabisa? Sawa, ila badilisha disitro kwanza, kadi baadaye. Usifanye kinyume chake.

Na usiamini jina la kwenye boksi. GT 730 kwa mfano, chini ya jina hilohilo kuna zenye chipu ya Kepler na kuna zenye Fermi ambayo ni kizazi cha nyuma zaidi, na zote mbili draiva zao zimeshaachwa. Kinachokupa ukweli ni jina la chipu, yaani GP107, TU116, Navi 23, hayo ndo uyatafute.

Hatua ya 5: Umbo na umeme

Hapa haraka tu. Pima urefu wa kesi, hesabu nafasi za sloti, angalia pawa saplai ina waya gani. Sloti yenyewe inatoa wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kama pawa saplai haina waya wa ziada tafuta kadi inayojitegemea kwa sloti peke yake, usitumie viunganishi vya kuunga unga.

Kwa laptopu huwezi kubadilisha kadi kwa hiyo chagua kabla. Yenye grafiki ya ndani peke yake au AMD kwa AMD inakupa amani. Yenye grafiki mbili inakubali, ila programu unayotaka iende kwenye kadi kubwa inabidi uianzishe na DRI_PRIME=1 mbele yake, au prime-run kama ni NVIDIA, na betri utaiona inashuka haraka kama kadi kubwa haizimiki ipasavyo.

Hatua ya 6: Kama ni ya mtumba, ijaribu kwa flashi

Andaa flashi ya USB yenye Linux inayowaka bila kuinstoli, chukua toleo jipya kabisa la Fedora au Ubuntu, nenda nayo. Muombe muuzaji mashine, washa kutoka kwenye flashi, piga lspci -nnk uone chipu na draiva. Kadi ya AMD au Intel ikifika kwenye desktopu na glxinfo -B ikaitaja kwa jina, umepata jibu zuri sana, icheze vidio mbili tatu, izungushe dakika ishirini usikilize feni.

NVIDIA ndo za kuangalia sana kwa sababu kuna kadi feki zimeandikwa GTX 1050 Ti kumbe ndani ni chipu ya Fermi iliyobadilishwa BIOS ili ijitaje kwa jina la uongo. Kwenye hiyo flashi piga:

sudo dmesg | grep -i nouveau

Nouveau inasoma chipu moja kwa moja na inaiandika jina lake. 1050 Ti halisi inaandikwa GP107. Ukiona jina linaanza na GF, hiyo ni Fermi, mrudishie mwenyewe muagane kwa amani.

Hatua ya 7: Ukishaichomeka

Kama unatoka NVIDIA kwenda AMD, ondoa vifurushi vya NVIDIA kabla hujachomoa kadi ya zamani, vikibaki vinaweza kuizuia mashine isifike kwenye desktopu. Ukiwasha, angalia mambo kwa mpangilio huu. Kwanza lspci -k, kwenye mstari wa draiva inayotumika uone amdgpu, i915, xe au nvidia. Halafu glxinfo -B, ukiona neno llvmpipe jua prosesa ndo inachora, kadi imelala, rudi kwenye mafiga uangalie lipi limekosekana. Halafu vulkaninfo --summary kwa ajili ya gemu, na vainfo kwa vidio. Wa Fedora wenye AMD msishangae H.264 na H.265 (njia mbili za kubana vidio) zikikosekana kwenye vainfo, tangu Fedora 37 ziliondolewa kwa sababu za hataza, unawasha RPM Fusion unabadilisha mesa-va-drivers kwa mesa-va-drivers-freeworld zinarudi.

Ilaze mashine, iamshe, mara tatu hivi. Kadi nyingi zinazoonekana nzima zinajulikana kwenye kuamka, na heri ujue wakati bado unaweza kuirudisha.

Na ikitokea skrini nyeusi kama ile yangu, usianze kufungua kesi. Kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kabla Linux haijawaka) bonyeza e, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, halafu Ctrl na X. Utapata picha ya kawaida isiyo na nguvu, inatosha. Piga sudo dmesg | grep -i firmware, kama kuna faili limekosekana utaliona limetajwa kwa jina, apdeti kerneli, linux-firmware na Mesa zote tatu kwa pamoja, washa upya. Hilo neno nomodeset ukiliandika kwenye menyu linaondoka lenyewe, lakini kama uliliweka kwenye /etc/default/grub nenda ukalifute, manake likibaki humo draiva haitapakiwa hata ukiapdeti mara mia.